Bwawa Halikatwi Vipande: Mjadala wa Ubia wa Wakandarasi Mlimani

Barabara ya Kenol hadi Marua, huku Mlima Kenya, ina kilomita 84, na ilipogawiwa wakandarasi ilikatwa vipande viwili. China Wu Yi ilichukua kilomita 48 za Kenol hadi Sagana. Zile 36 zilizobaki, zinazopanda kupitia Karatina mpaka Marua, zikaenda kwa China Railway Nambari 10. Mkopo ni wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hizo ni kampuni mbili za kigeni kwenye barabara moja, na hakuna ubia: kila moja ilisaini mkataba wake, ikapiga kambi yake na kuleta tipa zake. Sasa vuka mpaka uende Jinja, Uganda. Daraja jipya la Mto Nile, lenye mita 525 na lililofunguliwa Oktoba 2018, lilijengwa na Zenitaka ya Japani pamoja na Hyundai ya Korea Kusini, zikiwa zimesaini kama mkandarasi mmoja. Kwa nini huku wagawane na kule waungane?

Wanaojibu ni watu wanne niliowabuni mimi, ingawa hoja zao utazisikia Nyeri mjini, Karatina na Kerugoya bila kuzitafuta. Yuko mkandarasi mzee wa Karatina, ambaye kampuni yake haijafika daraja la kwanza la Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Yuko injinia, binti aliyefanya kazi kambini kwa wageni. Yuko wakili wa Nyeri anayeandika mikataba, na yuko mama mwenye timbo la mawe upande wa Kirinyaga. Mimi nitaingilia nitakaposhindwa kunyamaza.

MKANDARASI: Nianze mimi, kwa kuwa ndiye ninayejaza hizi tenda. Watu husema kampuni huungana ili zibadilishane ujuzi. Maneno matamu hayo. Zinaungana kwa ajili ya karatasi. Tenda kubwa inataka mapato ya miaka kadhaa, kazi za aina hiyohiyo ulizokwisha kumaliza, orodha ya mitambo, vyeti vya mainjinia na dhamana ya benki. Mimi nina mitambo, sina mapato. Mwingine ana mapato, hajawahi kujenga daraja. Tukiweka karatasi zetu pamoja tunapita. Kila mtu akienda kivyake, tunatupwa nje kabla bei zetu hazijasomwa.

INJINIA: Mzee, hiyo inaeleza jinsi ya kupita mlangoni. Haielezi kwa nini mlango umewekwa kwenye kazi hii na si ile. Barabara ya Thika, kama kilomita 50, aliyoifungua Rais Kibaki Novemba 2012, ilijengwa na kampuni tatu za China: China Wu Yi, Sinohydro na Shengli. Hazikuungana. Kila moja ilipewa loti yake. Kenol hadi Marua ni loti mbili. Barabara za Mau Mau, zaidi ya kilomita 500 kupitia Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, nazo ni loti juu ya loti. Barabara inakatika. Lakini nenda Rukenya ukalione Bwawa la Thiba, ukuta wa mita 40 unaozuia maji ya mita za ujazo milioni 15.6 kwa ajili ya mpunga wa Mwea. Huwezi kumpa mmoja mita 20 za chini na mwenzake 20 za juu. Kazi isiyokatika ndiyo inayowakutanisha watu.

WAKILI: Ngoja hapo, Injinia. Thiba ilijengwa na nani?

INJINIA: Strabag.

WAKILI: Strabag na nani?

INJINIA: Strabag peke yake.

WAKILI: Na lile handaki la Murang'a linalopeleka maji Nairobi, kilomita 11.8 chini ya ardhi?

INJINIA: China Gezhouba.

WAKILI: Nayo peke yake. Handaki halikatiki zaidi ya bwawa, na bado mtu mmoja alilichimba. Tena nikikubishia kwa upande wa pili, nenda Tanzania. Reli ya kisasa ilikatwa vipande, na kipande cha kwanza, Dar es Salaam hadi Morogoro, mwaka 2017 walikichukua Yapı Merkezi wa Uturuki na Mota-Engil wa Ureno kwa ubia. Yaani kazi iliyokwisha kukatwa, na bado watu wakaungana.

INJINIA: Basi nirekebishe. Kazi isiyokatika, au kipande kisichotosha kwa mtu mmoja, na anayeitaka amepungukiwa kitu. Strabag ni kundi kubwa la kampuni; wachimbaji, wahandisi na pesa viko ndani ya nyumba moja. Gezhouba ni shirika la serikali. Hao watamtafutia nini mbia? Sasa tazama Bwawa la Nyerere pale Rufiji. Mkataba wa Desemba 2018, megawati 2,115, ubia wa kampuni mbili za Misri: Arab Contractors na Elsewedy Electric. Moja ni ya zege na udongo, nyingine ni ya umeme. Arab Contractors angeweza kumaliza ukuta mzuri kabisa na nchi isiwashe hata taa moja.

MKANDARASI: Hao ni ndugu wa nchi moja.

INJINIA: Ni kweli, na hiyo ni kawaida kuliko tunavyodhani. Daraja la Kigongo hadi Busisi kule Ziwa Viktoria, lililofunguliwa Juni 2025, ni ubia wa kampuni mbili za China. Daraja la Kigamboni la 2016, vilevile. Ukiona ubia kwenye bango usifikiri lazima kuna mwenyeji ndani yake.

Hapa nasema neno. Nadhani Injinia amefika karibu zaidi kuliko wengi wanaoandika juu ya jambo hili, ambao huanza na "manufaa ya ushirikiano" wakamaliza na manufaa ya ushirikiano. Hakuna mfanyabiashara anayegawa faida yake kwa hiari. Mbia hutafutwa kwa sababu ya pengo: la ujuzi, la pesa, la rekodi, la sheria, au la kubeba hasara. Kwa hiyo ukitaka kuujua ubia wowote, tafuta nani anakosa nini. Na hapo ndipo Mlima unapopata shida, kwa sababu wakubwa waliokuja huku hawakukosa karibu kitu.

MAMA: Walikosa mawe.

MKANDARASI: (anacheka) Sema, Mama.

MAMA: Mnaongea juu ya megawati. Mgeni akifika na mitambo yake yote bado anauliza timbo liko wapi, njia ya lori inapita shamba la nani, na huyo mwenye shamba ana ndugu wangapi waliotia sahihi. Kokoto haisafirishwi kutoka Beijing. Kama kweli mbia hutafutwa kwa sababu ya pengo, mbona mimi ninayejaza hilo pengo siitwi mbia? Naitwa sapulaya. Napewa karatasi ya oda, nasubiri.

WAKILI: Mama, sheria imekufikiria kidogo. Kanuni za NCA za mwaka 2014 zinamtaka mkandarasi wa kigeni aahidi kwa maandishi kwamba si chini ya asilimia 30 ya thamani ya kazi ataitoa kwa mwenyeji. Atamfanya mkandarasi mdogo chini yake, au ataingia naye ubia. Na ahadi nyingine ni kwamba ataacha hapa ujuzi ambao haupatikani nchini. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 nayo inampa nyongeza ya upendeleo mzabuni mwenye hisa za wenyeji, na kadiri hisa hizo zinavyozidi, nyongeza inapanda. Hiyo ni sababu nyingine inayomfanya mgeni atafute mbia: anatafuta alama.

MKANDARASI: Umesema "au", Wakili. Wewe ukiwa mgeni ungechagua nini? Kunikaribisha mezani unionyeshe hesabu zako, au kunipa mitaro nichimbe?

WAKILI: Mitaro.

MKANDARASI: Basi. Na mimi nimeichimba. Mitaro, kalvati, gabioni, kupanda nyasi kwenye kingo, kuweka mawe ya kilomita. Nikimaliza napewa barua inayosema nimepanda nyasi vizuri. Mwaka unaofuata tenda inauliza: umewahi kujenga barabara ya lami ya njia mbili? Natoa barua ya nyasi.

INJINIA: Lakini nyaraka nyingi za benki kubwa zinakubali uzoefu wa mkandarasi mdogo pia, Mzee. Si lazima uwe ulisaini mkataba mkuu.

WAKILI: Zinakubali, kwa kile alichokifanya. Aliyemwaga lami chini ya mkandarasi mkuu atahesabiwa lami. Aliyepanda nyasi atahesabiwa nyasi. Mbia ndiye anayehesabiwa fungu lake la kazi nzima, na hiyo ndiyo mali kubwa kuliko faida ya mwaka huo. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu: ukipewa kuchagua kati ya asilimia 30 ya mitaro na asilimia 25 ya ubia, uulize kwanza jina lako litaandikwa wapi.

MKANDARASI: Unasema asilimia 25 kana kwamba naweza kuipata! Hebu tupige hesabu. Katika tenda za Benki ya Dunia, kwa kawaida kila mbia lazima atimize peke yake angalau robo ya mapato yanayotakiwa, na mmoja wao atimize asilimia 40. Tuseme tenda inataka mapato ya Sh4 bilioni kwa mwaka. Mimi, ili niingie tu kama mdogo, lazima nionyeshe bilioni moja. Hapa Karatina tuko wengi wenye milioni mia. Tukikusanyika kumi tunafika bilioni, na bado tunakataliwa, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyefika robo. Hii si chama cha akina mama kwamba kila mtu alete alichonacho.

Hoja hii sikuwahi kuiona ikijibiwa vizuri mahali popote. Sharti lenyewe lina akili: mwenye kazi hataki watu kumi wasio na nguvu wakae nyuma ya jina moja zuri. Matokeo yake lakini ni kwamba ubia, ambao ungekuwa ngazi ya mdogo kupandia, unawafaa zaidi wale waliokwisha kupanda. H. Young, kampuni ya hapa Kenya, iliingia na Mitsubishi kwenye mtambo wa mvuke wa Olkaria V uliokamilika 2019. Hiyo ni habari njema. Ila H. Young ilikuwa kampuni kubwa kabla ya Mitsubishi kuijua.

INJINIA: Mnaruka jambo la ujuzi kana kwamba ni hadithi. Mimi nilikuwa kambini, kwenye mradi ambao sitautaja. Tulikuwa mainjinia wa Kenya kadhaa, wengine wametoka Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi hapa hapa Nyeri. Tuliwekwa wapi? Usalama kazini, uhusiano na wenyeji, kupokea malalamiko ya vumbi. Chumba cha vipimo na gharama tulikuwa tunapita mlangoni. Siku moja niliomba kuona jinsi wanavyopanga bei ya kila kipengele, nikaambiwa faili liko makao makuu. Kwenye ubia wa kweli mbia ana haki ya kuliona faili hilo, maana hasara ni yake pia. Mafunzo ya ahadi yana mipaka. Mtu anakufundisha kwa dhati akijua kosa lako litamgharimu.

MKANDARASI: Binti yangu, na mimi nikuulize. Ukishajua kupanga bei, utasubiri malipo kwa pesa gani?

INJINIA: Kivipi?

MKANDARASI: Huku kwetu kazi haiui mkandarasi. Kinachoua ni kusubiri. Umemaliza, injinia wa serikali ametia sahihi cheti cha malipo, cheti kimekaa Nairobi miaka miwili na benki inahesabu riba kila mwezi. Madeni ya barabara yalifika mahali serikali mwaka 2025 ikachukua shilingi 7 za kila lita ya mafuta, ikaziweka rehani sokoni ili ipate Sh175 bilioni ya kutulipa. Sasa kampuni yenye benki ya nchi yake nyuma inasubiri bila kutoka jasho. Nikimtafuta mbia wa nje, simtafuti kwa ajili ya ujuzi wala mitambo. Natafuta mtu anayeweza kusubiri. Na natafuta kuingia kwenye kazi inayolipwa kwa mkopo wa benki ya nje, kwa sababu hizo angalau hulipwa.

WAKILI: Hilo hata mimi sikulitarajia. Kwamba mwenyeji anaingia ubia wa kimataifa ili alipwe na nchi yake.

MKANDARASI: Andika hivyo hivyo.

INJINIA: Basi tukate kazi ziwe ndogo. Kanuni za ununuzi za 2020 zinasema barabara inayolipwa yote na serikali, ikiwa haizidi Sh1 bilioni, ni ya raia peke yao. Ukikata Kenol hadi Marua kwa vipande vya bilioni moja, Mzee hahitaji mbia kabisa.

WAKILI: Kwanza ile si pesa ya serikali peke yake, ni mkopo. Benki inayokopesha ina masharti yake, na haitakubali kukatiwa. Pili, wewe injinia unataka mtambo wa lami kwa kila kipande kwenye kilomita 84?

INJINIA: Sitaki. Kila mwenye kipande angechimba timbo lake, na kila mwungano wa lami ungepasuka mvua ya kwanza. Nilitaka kumsikia Mzee akikubali kwamba kuna saizi ambayo haifai kukatwa.

MKANDARASI: Nimekubali. Lakini kati ya bilioni moja na kazi kubwa kama ile pana nafasi kubwa, na hapo katikati ndipo tungekutana na watu wa saizi yetu. Kwa nini mbia wa kimataifa lazima awe wa China au wa Ulaya? Kuna wakandarasi wa Arusha, wa Kampala, wa Addis. Wanakosa tunachokosa, hilo ni kweli, ila hawatuzidi kiasi cha kutumeza.

Sikuwa nimelifikiria hivyo mpaka nilipomwandika akilisema. Tunapotaja ubia wa kimataifa macho hukimbilia mbali, wakati mbia aliye karibu na nguvu zako ndiye ambaye utaweza kumwuliza hesabu naye akajibu. Ila Wakili ana neno la kututisha.

WAKILI: Kabla hamjaenda Arusha, mjue mnachokisaini. Kwenye hati ya ubia kuna sentensi ambayo wengi huisoma haraka: wabia wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake, mwenye kazi hajali kwamba wewe ni asilimia 25. Mwenzako akianguka, kazi yote ni yako, na hasara yote ni yako. Mabwawa ya Arror na Kimwarer kule Elgeyo-Marakwet yalikuwa mikononi mwa ubia wa Italia, CMC di Ravenna na Itinera. Mwishoni mwa 2018 CMC ikakimbilia mahakama ya kwao kuomba kinga dhidi ya wadai. Yaliyofuata yalikuwa mengi, kesi na siasa, na Kimwarer ikafutwa Septemba 2019. Mimi nachukua jambo moja tu humo: kampuni iliyoonekana mlima ilikuwa na ufa. Kama kubwa ile iliweza kuyumba, mzee wa Karatina atakagua vipi vitabu vya mbia aliye ng'ambo?

MKANDARASI: Atakagua kama anavyokaguliwa. Atadai hesabu za miaka mitatu.

WAKILI: Na akaunti ya benki ya ubia iwe na sahihi mbili, moja iwe yako. Na iandikwe nani analeta greda gani, lini, na kwa kodi ya kiasi gani, maana mbia kiongozi anaweza kukodisha mitambo yake mwenyewe kwa ubia, faida yote ikaishia kwenye kodi. Nimeona mgawo wa faida ambao haukuwa na cha kugawa.

INJINIA: Na fungu la kazi yenyewe liandikwe. Asilimia ya pesa tupu haitoshi. Iseme kabisa: kilomita fulani, au madaraja fulani, yatajengwa na watu wa mbia huyu wakisimamiwa na injinia wake.

MKANDARASI: Hapo sasa nimeona maana ya kuungana.

MAMA: Mimi bado. Nyote mmejipangia. Nikuulize, Wakili. Nimepeleka lori mia mbili za mawe. Kazi imekwisha, ubia umevunjwa, kila mtu ameenda kwao. Nani ananilipa?

WAKILI: Oda yako iliandikwa jina la nani, Mama?

MAMA: La kijana mmoja wa hapa aliyepewa kazi ya gabioni.

WAKILI: Basi unamdai huyo kijana. Ubia haukujui.

MAMA: Na ingekuwa jina la ubia?

WAKILI: Ikiwa ni ubia wa mkataba tu, ungemdai mbia yeyote unayemtaka, deni lote, na wenyewe wakamalizane huko mbele. Ungemfuata yule ambaye bado ana ofisi Nairobi. Ikiwa waliusajili kama kampuni ya kujitegemea, ungeidai kampuni hiyo, na huenda usikute kitu ila muhuri.

MAMA: Na hilo nalijuaje kabla ya lori la kwanza kuondoka?

WAKILI: Unauliza hati ya ubia. Wakikataa kukuonyesha, omba malipo ya awali.

MKANDARASI: Mama, oda watampa mwenye timbo lingine.

MAMA: Kutoka Makutano hadi Karatina wenye mawe mazuri tunajuana. Tutaongea.